Matembezi ya Posta: nani kaomba radhi, nani bado

Nianze na hela, maana mimi ni mhazini wa usharika na hela ndiyo ninayoulizwa kila Jumapili watu wakishatoka ibadani. Matembezi haya ya kuongozwa, ya historia ya makanisa katikati ya Dar es Salaam, ni shilingi 20,000 kwa mtu. Mkiwa kumi na kuendelea wanawashushia hadi 15,000. Nusu mnalipa mapema kwa lipa namba, nusu mnamalizia siku yenyewe kabla hamjapiga hatua. Watoto wa kipaimara tuliwaombea, wakakubali 8,000, ila hapo nilivutana nao kwenye simu mpaka salio likanikatikia.

Wenyewe ni vijana watatu wenye ukurasa Instagram na spika ndogo ya kuning'iniza kiunoni. Ofisi hawana. Jina lao silitaji hapa kwa sababu kuna mahali nitawasema, na biashara yao bado changa. Anayewataka aje inbox nimpe namba. Wana matembezi ya aina nyingi: ya vyakula, ya Kariakoo, ya majengo ya zamani. Haya tuliyochukua sisi ni ya makanisa yaliyoingia pamoja na wakoloni, yaliwafanyia nini watu waliowakuta, na leo yanajaribuje kupatana nao, hapa kwetu na kwingineko duniani. Mnaanzia Sanamu ya Askari, mnashuka kanisa la Kilutheri la Azania Front, mnakwenda kanisa la Kikatoliki la St. Joseph, mnamalizia Boma la Kale. Yanachukua muda wa saa tatu hivi kama mna wazee, na sisi tulikuwa nao.

Aliyetusukuma ni umoja wa wanawake. Walishachoka na safari za Bagamoyo za kula samaki, kupiga picha kwenye magofu na kurudi na usingizi. Wakasema safari hii tujifunze kitu. Tukakodi Coaster kutoka Mbagala, kinamama, wazee wa kanisa wawili na vijana wa kipaimara wakiwa siti za nyuma na simu zao.

Nyota nne. Ya tano nitaeleza ilianguka wapi.

Sanamu ya Askari msiitegemee sana. Pale Samora na Azikiwe kelele ni nyingi, bodaboda hazikomi, na spika ya kiunoni inashindwa. Kiongozi wetu, kijana mtaratibu aliyeanza na "Shikamooni wazee wangu" kabla ya kutaja hata jina lake, alilijua hilo na hakutuweka juani muda mrefu. Alisema moja tu ambalo wengi hatukuwa tukilijua: kabla ya askari huyu wa shaba kusimamishwa na Waingereza mwaka 1927, hapa palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani aliyezima vita vya Abushiri, na chini ya miguu yake alichongwa askari Mwafrika. Waingereza wakaing'oa wakati wa vita, ikapelekwa London, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Kijana mmoja wa kipaimara akauliza kama waliilipa. Tukacheka, tukashuka Azikiwe.

Azania Front ndipo pesa yenu inapoanza kurudi. Kuna kivuli, kuna upepo wa bandarini, na mtu anasikika. Mimi Mlutheri wa kuzaliwa, mnara ule nimeutazama kutoka kwenye pantoni la Kigamboni tangu nikiwa mtoto, na historia yake niliyofundishwa ilikuwa fupi: walikuja, wakahubiri, wakajenga, tukabatizwa. Kijana aliirefusha. Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887, ametumwa na chama cha misheni kilichoundwa Berlin mwaka mmoja tu kabla, na waliokiunda walikuwa watu wa karibu na Carl Peters, yule yule wa mikataba ya hila na machifu. Mwaka 1888 wakaja Wabenediktini wa St. Ottilien, watawa Wakatoliki kutoka Ujerumani, wakaweka kituo Pugu. Ndiyo, Pugu hii tunayopita kwenda Kisarawe. Tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji wa vita vya Abushiri wakakivamia, wakaua baadhi ya wamisionari, wengine wakawachukua mateka.

Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu yule kijana. Angeweza kuisimulia kama tulivyozoea kanisani, mashahidi upande mmoja na wakatili upande mwingine. Angeweza pia kuisimulia kama wanavyosimulia vijana wa mitandaoni siku hizi, kwamba mmisionari yeyote alikuwa jasusi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema watu wa Pwani walimwona Mjerumani anatoza ushuru, Mjerumani anapandisha bendera, Mjerumani anajenga kanisa, vyote ndani ya miezi michache, kisha akatuuliza: ninyi mngewatofautishaje? Akaacha kimya kidogo. Mama mmoja akajibu, "Kwa kanzu." Kijana akasema, "Kanzu hata liwali alivaa, mama." Basi.

Kutoka hapo mpaka St. Joseph ni mwendo mfupi kwa Barabara ya Sokoine, lakini tembeeni upande wa kivuli na mshike watoto, daladala za pale hazina adabu. St. Joseph tulikaa nje, hatukuingia, kulikuwa na ndoa. Kijana akatoa picha zake. Ana bahasha ya picha kubwa zilizofunikwa plastiki, anazizungusha mkono kwa mkono, na hiki kitu kidogo kimewashinda wenye projekta na kishikwambi niliowaona kwenye semina. Mtu akishika picha hasinzii.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Songea, na hapo safari nzima ikabadilika.

Tuna mzee wa kanisa Mngoni, kwao Songea, amestaafu bandarini. Si mwongeaji. Kijana akaeleza vita vya Majimaji vya 1905 mpaka 1907, jinsi moto ulivyoanzia Umatumbini, jinsi Kinjekitile alivyonyongwa mapema, jinsi Askofu Cassian Spiss na wenzake walivyouawa Agosti 1905 wakiwa safarini kuelekea Songea, jinsi misheni ya Peramiho ilivyochomwa. Kisha akarudi nyuma kidogo, na hapo ndipo wengi wa waongozaji wasingerudi: kabla ya vita, mmisionari alikuwa amekwisha kuchoma kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni, mahali walipozungumza na wazee wao waliotangulia. Kwa hiyo Peramiho ilipowaka, kulikuwa na moto mwingine uliotangulia. Mzee wetu akaitikia kwa kichwa bila kusema kitu.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni pale Songea, Mputa akiwa mmoja wao. Nduna Songea Mbano, jemadari wao, alinyongwa baada yao. Mpaka leo fuvu lake linatafutwa, maana familia inaamini lilipelekwa Ujerumani. Na kabla ya kunyongwa, padre Mbenediktini aliingia walikofungwa, akawabatiza baadhi yao.

Mzee akaiomba picha. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho kama wanavyofanya wazee waliosahau miwani, akaitazama sana. Kijana akaendelea: tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akakutana na wazawa wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyafanya pale.

"Kijana," mzee akasema, "huyo rais aliomba kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba ya nchi yake, mzee wangu."

"Na aliyebatiza?"

Kijana hakukimbilia kujibu. Akasema, "Hilo halikuwa la rais kulisemea, mzee."

"Babu yangu alikuwa akisema waliwapa jina jipya asubuhi, jioni wakawapa kamba." Akairudisha picha, akafuta plastiki kwa leso kabla ya kuikabidhi.

Sasa mimi nimehudhuria semina nyingi za historia ya kanisa, zenye chai na vitafunwa na vyeti, na hakuna hata moja iliyowahi kunifikisha hapo. Ubatizo ule, kwa padre aliyekuwa akiutoa, huenda ulikuwa huruma ya mwisho aliyokuwa nayo mkononi. Kwa wajukuu wa walionyongwa ni kitu kingine. Kijana hakujaribu kuyapatanisha, na nampongeza kwa hilo. Alisema tu kwamba serikali ikiomba radhi, deni la kanisa linabaki palepale, na akatoa mfano wa Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, EKD, ambalo Aprili 2017 liliwaomba msamaha kwa jina lake lenyewe wazawa wa Waherero na Wanama wa Namibia waliouawa kati ya 1904 na 1908. Lilikiri kwamba makanisa ya nyumbani yalituma wachungaji kuwahudumia walowezi, na kwamba mafundisho yao yalisaidia kuwafanya Waafrika waonekane watu wa chini. Hawakuisubiri serikali yao imalize mazungumzo yake na Namibia.

Kutoka hapo akaturusha Kanada, na nakiri hapo nilidhani ananipotezea muda. Waliwahi kuongoza kundi la Wakanada, nikasema moyoni, basi anarudia hotuba ya wageni wake. Lakini sikilizeni.

Kule Kanada, kuanzia karne ya 19 mpaka miaka ya 1990, serikali ilikuwa na shule za bweni kwa watoto wa wenyeji wa nchi ile, na waliozisimamia walikuwa makanisa: Wakatoliki, Waanglikana, Wapresbiteri, na lile linaloitwa United Church. Watoto wapatao 150,000 walipita huko. Walichukuliwa kwa wazazi, wakanyolewa, wakachapwa wakisema lugha ya mama, wengi walidhalilishwa, na maelfu hawakurudi nyumbani wakiwa hai. Mwaka 1986, kwenye mkutano wao mjini Sudbury, United Church ikawaomba radhi wenyeji kwa kuwalazimisha waache desturi zao ili wawe Wakristo. Wazee wa kienyeji wakasikiliza. Wakashukuru. Lakini hawakusema tumesamehe. Miaka miwili baadaye, 1988, wakajibu rasmi: radhi tumeisikia na tunaitambua, tunasubiri kuona mtakavyoiishi. Kuna rundo la mawe lililojengwa pale kwa kumbukumbu, likaachwa makusudi bila kumaliziwa, mpaka siku maneno yatakapotimia. Hata ile radhi ya shule zenyewe, kanisa hilo lilikuja kuitoa mwaka 1998, miaka 12 baadaye.

Picha ya mawe yale ndiyo vijana wa kipaimara waliyoipiga picha kwa simu zao. Hawakuambiwa.

Na hili ndilo linalofanya matembezi haya yazidi mengine: kila kituo, kijana akishasimulia nani kaomba radhi na lini, anauliza aliyeombwa alijibu nini. Magazeti yetu yanaishia kwa askofu kuinama mbele ya kamera. Yeye anaanzia hapo. Waanglikana wa Kanada, askofu wao mkuu Michael Peers aliomba radhi Agosti 1993 na mzee mmoja wa kienyeji akaipokea. Wapresbiteri, 1994. Papa Francis alikwenda Maskwacis, mkoa wa Alberta, tarehe 25 Julai 2022, akaomba msamaha kwa uovu uliofanywa na Wakristo wengi kwenye shule zile. Wapo waliolia kwa faraja na wapo waliosema ameomba kwa ajili ya watu, hakuomba kwa ajili ya taasisi yenyewe. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Machi 2023, Vatican ikatangaza kuikana ile fundisho ya zamani iliyotokana na hati za mapapa za karne ya 15, iliyowapa wafalme wa Ulaya kisingizio cha kujitwalia ardhi za wasio Wakristo. Na Novemba 2025 Papa Leo akakabidhi vitu 62 vya wenyeji wa Kanada vilivyokuwa kwenye makumbusho ya Vatican, vingi vikiwa vilipelekwa Roma kwa ajili ya maonyesho ya wamisionari ya mwaka 1925.

Mkatoliki mmoja alikuwa kwenye kundi letu, jirani ya mama mmoja, kaja kwa kupenda. Aliposikia vitu 62 akauliza, "Miaka mia moja?" Kijana akasema, "Miaka mia moja, dada."

Lakini kwangu mimi mhazini kilichonikaa ni hesabu. Katika makubaliano ya fidia ya shule zile, taasisi za Kikatoliki za Kanada ziliahidi, pamoja na mengine, kujitahidi kuchangisha dola milioni 25 za kule kwa ajili ya walioumizwa. Zilizopatikana kwenye uchangishaji huo hazikufika milioni 4. Makanisa makubwa yaliendelea kujengwa, waumini wakauliza, na Septemba 2021 maaskofu wakaahidi upya, safari hii milioni 30 ndani ya miaka mitano. Jamani, hii naijua. Ni harambee ya ujenzi wa kanisa: mtu anasimama, kipaza sauti kinalia, vigelegele, "Milioni mbili!", kwaya inapiga pambio, na mwezi Machi ukimpigia simu yake haipatikani. Tofauti ni kwamba kwenye harambee zetu anayekosa ni paa. Kinamama waliniangalia wote kwa pamoja, maana daftari la ahadi wanajua liko kwangu.

Kwa hiyo kwa upande huo nawasifu Waswidi, na nawasifu kama Mlutheri, maana ni ndugu zetu. Askofu wa kwanza wa kule Bukoba kabla ya Josiah Kibira alikuwa Mswidi, Bengt Sundkler. Kanisa la Sweden liliwaomba msamaha Wasami, wenyeji wa kaskazini wanaofuga wanyama aina ya kulungu, Novemba 2021 ndani ya kanisa kuu la Uppsala, na likarudia Oktoba 2022 kule Luleå, karibu zaidi na Wasami wenyewe. Kabla ya hapo waliandika kitabu cha makosa yao, wakayachambua: shule za kuwatenga watoto wa wafugaji, wachungaji waliosaidia watafiti kupima vichwa na kukusanya mifupa ya watu. Kisha wakatenga kronor milioni 40, hela ya kwao, kwa miaka kumi. Kiasi kimetajwa, muda umetajwa. Hiyo naweza kuiandika kwenye daftari.

Kinamama kilichowashangaza si kronor. Ni ngoma. Kijana aliposema Wasami walikuwa na ngoma zao za ibada, zikanyang'anywa na nyingine zikachomwa kwa sababu ni za kipagani, mwenyekiti wa umoja wa wanawake aligeuka nyuma: "Kumbe na Wazungu walikatazwa ngoma!" Bibi yake alitengwa na kanisa kule Usambaa kwa kwenda kwenye ngoma ya unyago. Alisimulia hapo hapo, yeye akawa mwongozaji kwa muda, na kijana akazima spika akamwachia uwanja. Mwongozaji anayejua kunyamaza ni wa kulipwa.

Sasa nyota iliyoanguka.

Boma la Kale tulifika tumechoka, jua la saa sita, na kijana akafunga kazi kwa maneno mazuri kuhusu Dar es Salaam ya zamani, milango ya kuchonga, kuta za matumbawe. Nikamuuliza: na sisi? Makanisa haya sasa ni yetu. Maaskofu ni sisi, wahazini ni sisi, bajeti ya misheni ni sisi. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi, watu wasiozidi elfu mbili, nani kawaomba radhi? Miaka ya 1960 serikali yetu huru ilijaribu kuwahamishia Yaeda Chini wakalime na kusoma, misheni nayo ikiwa humo humo, na wengi wakarudi porini. Leo makundi ya makanisa ya mjini yanakwenda kule na marobota ya mitumba na unga wa sembe, mtu anavishwa suruali juu ya vazi lake la ngozi, anapigwa picha, picha inawekwa ukutani. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000, ardhi ambayo bila hiyo ingeendelea kumegwa na wakulima na wafugaji, na ukweli ni kwamba hao wanaoimega Jumapili wako kanisani. Hilo nalo lina nafasi kwenye matembezi ya kupatana.

Kijana akajibu, "Mama, hiyo iko kwenye toleo linalokuja." Nilimjibu toleo linalokuja lisingelipiwa na usharika wangu kwa bei ya hili. Hakukasirika. Aliandika kwenye simu yake, nikamwona.

Kwenye kundi letu pia palizuka ubishi, kwamba Wahadzabe ni Watanzania kama sisi, tusiwafanye wageni wa makumbusho. Sawa. Lakini Wasami nao ni Waswidi kwa pasipoti, na haikuwasaidia ngoma zisichomwe. Ubishi ule uliendelea ndani ya Coaster mpaka Mtoni kwa Azizi Ali, na mzee wetu wa Songea, aliyekaa mbele na dereva, akawaambia vijana wanyamaze au washuke. Hakueleza alikuwa upande gani.

Mambo madogo ambayo msomaji atataka kujua. Maji: kwenye tangazo wameandika maji yamo, siku yenyewe chupa ikauzwa 1,000. Niliwauliza, wakasema tangazo ni la zamani. Futeni tangazo. Choo: hakuna mpango wowote wa choo, na ukiwa na wanawake wa miaka sitini hilo si dogo. Tuliomba msaada kwenye mgahawa mmoja karibu na Posta ya Zamani, wakatukubalia baada ya kununua chai. Mikeka ya kukalia au viti vya kukunja wangeleta viwili tu, wazee wangeshukuru. Spika ibadilishwe. Kiswahili cha kijana ni kizuri, hakichanganyi, na anajua kuongea na mzee na mtoto kwa wakati mmoja. Wenzake wawili sijui, hatukuwasikia.

Stakabadhi waliandika kwa mkono kwenye kitabu, kiasi, tarehe, sahihi. Nimeibandika kwenye faili la safari na wakaguzi wa dayosisi wakija wataikuta.

Mkitaka kwenda, chukueni Jumamosi na msisitize muanze saa moja na nusu asubuhi, si saa tatu kama watakavyowaambia, la sivyo Boma la Kale mtalifikia mmekwisha kuiva. Ulizeni kama St. Joseph kuna ndoa. Kundi lisizidi watu ishirini, picha zile ni seti moja. Vijana wasioamini habari za makanisa wanaweza kwenda pia, hawahubiriwi. Na mkiwa kumi na zaidi mdai 15,000 tangu simu ya kwanza, maana kwetu walijaribu 18,000.